Jinsi ya Kumwajiri Pacha Wako

Hongera, ndugu mwenyekiti. Idara yenu ya ikolojia na mageuko ya viumbe, katika chuo kikuu kikubwa cha Marekani, imepata nafasi ya profesa msaidizi. Mzee wenu mtaalamu wa ndege amestaafu, mkuu wa kitivo ameidhinisha mshahara, na wewe umekabidhiwa kamati ya watu watano uiongoze. Nafasi ya namna hii haipatikani kila mwaka. Atakayeichukua atapimwa kwa miaka sita hivi, akivuka atapewa ajira ya kudumu, na kuanzia hapo mtagawana korido, wanafunzi na mashine ya kahawa mpaka mmoja wenu azeeke. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe huumwi. Unachotaka ni mtu anayefikiri kama wewe, aliyesomea ulikosomea wewe, anayecheka unapocheka. Na umpate kwa njia safi kiasi kwamba hata aliyekosa aseme haki imetendeka.

Muda unao. Tangazo hutoka kati ya Agosti na Oktoba, wanaoitwa kwenye usaili hufika chuoni kuanzia Januari hadi Machi, na mkataba husainiwa kabla ya likizo ya majira ya joto. Tuanze.

1. Tangaza kwa mapana, kubalianeni kwa faragha

Andika kwamba mnakaribisha watafiti wa nyanja zote, "kuanzia bakteria hadi tembo". Mtu wa popo atajiona humo. Mtu wa mikoko atajiona. Mtu wa nadharia asiyewahi kukanyaga tope naye atajiona. Kisha funga mlango na wanakamati, mkubaliane kwamba mnamtaka mtu wa kompyuta anayetabiri spishi zitahamia wapi tabianchi ikibadilika, kwa sababu hiyo ndiyo kazi unayoifanya wewe. Siri hiyo isitoke nje ya chumba.

Dai makaratasi yote tangu siku ya kwanza: barua ya maombi, wasifu, maelezo ya utafiti, maelezo ya ufundishaji, na barua tatu za wadhamini. Wapo watakaokushauri uziombe barua kwa wale waliofika hatua ya mwisho tu. Wakatae. Wakijitokeza waombaji mia mbili, barua mia sita zitaandikwa, na wewe utasoma za watu wanne. Mtafiti wa mkataba mwenye mtoto mchanga atakesha wiki nzima akiandika upya maelezo yake ili yaendane na tangazo lenu, bila kujua kwamba tangazo halisemi mnachokitaka. Jasho hilo lina kazi yake: ukubwa wa rundo ndio utakaomwonyesha mkuu wa kitivo kwamba mlitafuta kwa bidii.

2. Chuja kwa jina la chuo

Rundo halisomeki. Mwanakamati mwenye darasa la wanafunzi mia tatu na ruzuku inayokaribia kwisha atampa kila mwombaji dakika chache, na katika dakika hizo macho yatakwenda mahali pawili: alikosomea uzamivu na majina ya majarida aliyochapisha. Yaache yaende. Hutakuwa peke yako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature, uliowaangalia walimu wa vyuo vikuu vya Marekani vinavyotoa shahada za uzamivu, ulikuta kwamba asilimia 80 ya wale waliosomea uzamivu nchini humo walitoka katika asilimia 20 hivi tu ya vyuo. Vyuo vitano peke yake, yaani Berkeley, Harvard, Michigan, Wisconsin-Madison na Stanford, vilikuwa vimemfundisha mmoja katika kila wanane.

Ukiulizwa, jibu kwamba unatafuta ubora, kisha badilisha mazungumzo haraka. Ukichelewa, mtu atauliza ubora huo unapimwaje, na atagundua kwamba jina la chuo humpa mtu maabara nzuri, maabara humpa machapisho, machapisho humpa kazi, na mwishowe ninyi mnasema alikuwa na kipaji tangu mwanzo.

3. Mzuie mtu wa Kigoma

Ndani ya rundo hilo kuna mwombaji mmoja wa hatari kuliko wote, nami nataka umjue vizuri. Tuseme amezaliwa Kigoma. Shahada ya kwanza ameipata Dar es Salaam, uzamivu ameupata katika chuo cha jimbo ambacho hakijawahi kutajwa kwenye vikao vyenu. Analijua Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina zaidi ya spishi mia mbili za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote haziishi mahali pengine popote duniani, na yeye anazijua kwa rangi, kwa kina cha maji, kwa mwamba zinakotagia. Anaweza kukueleza kwa nini kuhe, mmoja wa sikilidi wakubwa kuliko wote duniani, huwalinda watoto wake kwa muda mrefu hivyo, na atakueleza wavuvi wanasemaje kuhusu jambo hilo hilo, kwa sababu amewauliza. Akisimama mwaloni alfajiri, wavuvi humwambia mambo ambayo hawamwambii mgeni mwenye daftari. Sampuli alizokusanya kwa miaka mingi zimeandikiwa tasnifu na watu wengine.

Mtu kama huyo akifika kwenye usaili wenu, pacha wako amekwisha. Kwa hiyo asifike. Wala usimseme vibaya. Msifu. Sema, "Huyu ni mtu mzuri sana wa uwandani." Sifa hiyo itamwondoa bila kelele, kwa sababu kila aliyeko mezani ataelewa kwamba kuna wanaokusanya na kuna wanaofikiri, na kwamba ninyi mnaajiri wanaofikiri.

Usiruhusu mtu awakumbushe kwamba taaluma yenu nzima imesimama juu ya kazi ya watu wa namna yake. Simba wa Serengeti wamekuwa wakifuatiliwa tangu George Schaller alipoanza kazi mwaka 1966, na kwa miongo kadhaa mradi huo uliongozwa na Craig Packer kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Nyani wa Amboseli wanafuatiliwa mmoja mmoja, kizazi baada ya kizazi, tangu mwaka 1971, na uongozi wa utafiti umekuwa Princeton na Duke. Watu wamepanda vyeo kwa simba hao na kwa nyani hao. Na kila siku ya kazi hiyo kulikuwa na Mtanzania au Mkenya aliyemtambua simba kwa vitone vya sharubu zake, aliyejua nyani yupi amezaa usiku, aliyejua gari litanasa wapi mvua ikinyesha. Mara nyingi jina lake liko kwenye aya ya shukrani, mwishoni mwa makala. Kamati haisomi aya ya shukrani. Hakikisha haianzi mwaka huu.

Na kama mwanakamati mmoja mkaidi atamshikilia, mwambie kwa huruma kwamba tatizo ni viza. Usimweleze kwamba vyuo vikuu haviingii kwenye bahati nasibu ya kila mwaka ya viza ya H-1B. Mtajie ile ada ya dola 100,000 iliyotangazwa Septemba 2025 kwa maombi mapya ya watu walio nje ya nchi, utikise kichwa, mwendelee na jina linalofuata.

4. Acha majina yaonekane

Kuna idara zinazofuta majina kwenye wasifu kabla kamati haijasoma. Ninyi msifute. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapelekea maprofesa 127 wa biolojia, kemia na fizikia maombi ya kazi ya msimamizi wa maabara. Maombi yalikuwa yale yale. Nusu ya maprofesa walipata ya John, nusu ya Jennifer. John alionekana hodari zaidi na anayestahili zaidi kuajiriwa. Mshahara aliokadiriwa ulikuwa wastani wa dola 30,238 kwa mwaka. Wa Jennifer, dola 26,508. Jina peke yake lilikuwa na thamani ya dola 3,730, na hukulipa senti kulipata.

Zaidi ya hapo, maprofesa wanawake walimpunja Jennifer sawasawa na wanaume. Kwa hiyo weka mwanamke kwenye kamati bila wasiwasi. Mfanye mmoja tu, mpe na kazi ya kuandika muhtasari wa vikao.

5. Ogopa njia iliyopinda

Chora mstari: shahada, uzamivu, mkataba wa utafiti, mkataba wa pili, kazi. Aliyetoka nje ya mstari huo, hata kwa mwaka mmoja, mwandikie "pengo kwenye wasifu" na umweke kando. Mstari huu ni mkali kuliko unavyodhani. Ungemwondoa Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 bila shahada yoyote. Ungemwondoa Jeanne Altmann, ambaye mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu namna ya kuchunguza tabia za wanyama, makala ambayo wanafunzi wanapewa mpaka leo kabla hawajaruhusiwa kushika darubini. Uzamivu wake aliupata mwaka 1979, baada ya makala, akiwa ameshalea watoto na nyani wa Amboseli wameshamzoea.

Ukipata wasiwasi kwamba unamwondoa mtu mkubwa, jipe moyo kwa habari ya Anne Innis Dagg. Huyu alikwenda Afrika Kusini mwaka 1956, msichana wa miaka ishirini na tatu, peke yake, kuwachunguza twiga nyikani wakati karibu hakuna mwanasayansi aliyekuwa akifanya hivyo. Mwaka 1972 Chuo Kikuu cha Guelph cha Kanada kilimnyima ajira ya kudumu. Aliendelea kuandika vitabu bila kazi hiyo. Chuo kilimwomba radhi mwaka 2019, yeye akiwa na miaka 86. Angalia hesabu hiyo vizuri, ndugu yangu: ni miaka 47. Wote waliokaa kwenye kikao kile walikuwa na muda wa kutosha kustaafu kwa heshima, na wewe pia utakuwa nao.

6. Vigezo viandikwe mwisho

Kamati zinazojiheshimu huandika vigezo kabla ya kufungua bahasha ya kwanza: utafiti alama ngapi, ufundishaji ngapi, na nini maana ya alama tano. Zikishaandika hivyo, zimejifunga kamba. Ninyi someni kwanza, mpendeni mnayempenda, kisha andikeni vigezo vinavyofanana naye. Pacha ana makala nyingi? Kigezo ni tija. Ana mbili tu? Kigezo ni kina cha mawazo. Hajawahi kufundisha? Ufundishaji hujifunzwa kazini.

7. Siku mbili za usaili

Mgeni atakutana na watu kila nusu saa tangu kifungua kinywa, atatoa mhadhara mbele ya idara nzima, atakula na wanafunzi wa uzamivu. Siku ya pili ataingia kwenye chumba kidogo chenye ubao mweupe, bila slaidi, aeleze atafanya nini kwa miaka mitano ijayo huku ninyi mkimkatiza. Chumba hicho ni chako. Pacha akisema "sijui", itikia kwa heshima: huo ni ukweli wa mwanasayansi. Mwingine akisema "sijui", andika kwamba hajajiandaa. Pacha akinyamaza kidogo, anatafakari. Mwingine akinyamaza, Kiingereza kinampiga chenga. Pacha muulize swali ambalo jibu lake ulilisoma kwenye rasimu aliyokutumia mwaka jana. Mwingine muulize hesabu unazozijua wewe, hata kama yeye amekuja kuzungumzia minyoo.

Waalike wanafunzi watoe maoni. Yakusanye kwa fomu nzuri. Wanafunzi wana tabia ya kumpenda mtu aliyewasikiliza, kwa hiyo fomu zibaki kwako.

Kazi kubwa inafanyika chakula cha jioni. Ofisi ya rasilimali watu imekukataza kuuliza kama mtu ameolewa, ana watoto au anasali wapi. Usiulize. Zisifie shule za msingi za mtaa wenu, kisha kula taratibu. Mwanamke akiuliza kama shule hizo zina nafasi, umeshajua. Akitaja mume ambaye naye ni mwanasayansi, kesho yake waambie wenzako kwa sauti ya masikitiko kwamba kutakuwa na suala la kumtafutia mwenza kazi, na bajeti haipo. Mwanamume akimtaja mke, sema huyu atatulia, ataleta familia. Mfano wa kujipa nguvu upo. Peter na Rosemary Grant waliwafuatilia shorewanda wa kisiwa cha Daphne Major pamoja kwa miongo kadhaa kuanzia mwaka 1973, wakaonyesha mageuko yakitokea mbele ya macho yao. Princeton ilipowapokea, mume alikuwa profesa; mke kwa miaka mingi aliorodheshwa kama mtafiti na mhadhiri. Kisiwa kilikuwa kimoja, jua lilikuwa lile lile, ndege walipimwa na mikono minne.

8. Pacha akielemewa, vunja mchakato

Itatokea. Yule uliyemwita ili kuijaza orodha atatoa mhadhara ambao watu watasahau kuangalia simu zao. Wanakamati watatu watamtaka. Hapo usibishane juu ya mtu; washa ugomvi wa zamani. Biolojia ina mmoja usiozimika, kati ya watu wa molekuli na watu wa nyikani, na umewahi kufanya kazi mahali pakubwa kuliko penu. James Watson aliingia Harvard mwaka 1956, akiwa na jina la kugundua na Francis Crick umbo la DNA. Mwaka 1958 Stanford ilimtaka Edward O. Wilson, mtaalamu wa sisimizi, na Harvard ikampa ajira ya kudumu ili asiondoke, mbele ya Watson. Watson alikasirika. Na Wilson alipopendekeza idara imwajiri mwanaikolojia, kwa simulizi ya Wilson mwenyewe, Watson aliona kwamba wazo hilo ni la mtu aliyepungukiwa akili. Walipishana kwenye korido miaka hiyo yote bila salamu ya maana. Leo hii watu wa molekuli na seli wana idara yao Harvard, na watu wa viumbe na mageuko wana yao.

Kwa hiyo nong'ona. Waambie watu wa maabara kwamba huyu ni mtu wa nyikani asiyejua jenomu. Waambie watu wa nyikani kwamba huyu ameshakuwa mtu wa jenomu. Mkifika mbili kwa mbili, na wa tano akiwa safarini, peleka ripoti kwamba hakuna aliyefikia kiwango. Mkuu wa kitivo huenda akaichukua nafasi aipe idara ya kompyuta. Darasa la mimea halitakuwa na mwalimu mwaka unaofuata, wala pengine mwaka wa pili wake, na watoto waliokuja chuoni wakitaka kujifunza misitu watahamia fani nyingine. Lakini wewe hutakaa kwenye vikao na mtu anayekuzidi.

9. Ukilazimishwa kumpa, mpe kidogo

Mwanaikolojia mpya huhitaji fedha za kuanzia: gari, friji ya kuhifadhia sampuli, mshahara wa msaidizi, safari za uwandani mpaka ruzuku ya kwanza ipatikane. Pacha mwandikie barua nono, mpe na muhula wa kwanza bila kufundisha. Huyo mwingine mpe kiasi kisichotosha hata friji, mpe wiki moja ya kuamua, na akikataa sema alikuwa anatumia ofa yenu kujipandisha bei kwingine.

10. Nyamaza

Waliokosa usiwaandikie. Au waandikie Agosti inayofuata, kwa barua inayoanza na "Mpendwa Mwombaji". Kuhusu mtu mliyempa ahadi ya mdomo, jiandae kwa siku atakapotokea mlangoni, kama ilivyotokea Nairobi. Wangari Maathai alirudi nyumbani mwaka 1966 na shahada ya uzamili ya biolojia kutoka Chuo Kikuu cha Pittsburgh, na barua ya ajira ya usaidizi wa utafiti chini ya profesa wa zoolojia katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi. Aliporipoti kazini aliambiwa nafasi imeshapewa mtu mwingine. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliona ukabila na ujinsia ndani ya jambo lile. Alikwenda kwenye anatomia ya wanyama, akapata uzamivu mwaka 1971, akapanda miti, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Idara ya zoolojia ilimpata mtu wake.

Pacha ataanza kazi Agosti. Mpe ofisi ya mzee wa ndege, yenye dirisha. Baada ya miezi michache atakuja kukwambia kwamba programu yake ya kutabiri mtawanyiko wa spishi imekamilika, ila haina takwimu za kuilisha, hasa za samaki wa maji baridi wa Afrika. Usihangaike. Toa lile rundo, tafuta anwani ya yule mtu wa Kigoma, mwandikie leo leo. Mweleze jinsi maombi yake yalivyoivutia kamati. Mwombe vipimo vyake vyote vya Ziwa Tanganyika, vikiwa vimepangwa vizuri kwenye jedwali, kabla ya mwisho wa mwezi, na umhakikishie kwamba jina lake litawekwa kwenye shukrani.